Besiboli Japani: Chagua Kiti Kwanza, Timu Baadaye
Safu ya maswali na majibu ya wasomaji

Wasomaji wanaokwenda Japani kwa kazi, masomo au matembezi wametuandikia sana kuhusu besiboli ya kulipwa ya huko. Tumechukua maswali yanayojirudia. Bei ni za yeni, nazo hubadilika kwa mechi na kwa siku, kwa hiyo zihesabu kama makadirio.

SWALI: Juni nitakuwa Tokyo siku tisa kwa mafunzo ya kikazi na ningependa kuona mechi moja. Nikijaribu kununua tiketi mtandaoni, tovuti inadai namba ya simu ya Japani, nami sina. Kuna mtu mtandaoni ananiuzia kwa mara tatu ya bei. Nifanyeje?

JIBU: Huyo mtu achana naye. Tangu tarehe 14 Juni 2019 Japani ina sheria inayopiga marufuku biashara ya kuuza tena tiketi kwa bei inayozidi ya awali bila idhini ya mwandaaji. Adhabu inaweza kufika kifungo cha mwaka mmoja, faini ya yeni milioni moja, au vyote viwili. Anayeshtakiwa ni muuzaji, lakini tiketi ikifutwa anayebaki mlangoni akikodoa macho ni wewe.

Ligi kuu ina timu 12, sita katika Ligi ya Kati na sita katika Ligi ya Pasifiki, na kila timu mwenyeji huuza tiketi za uwanja wake yenyewe. Anza na tovuti ya timu. Timu kadhaa, zikiwemo Yomiuri Giants na Yakult Swallows za hapo hapo Tokyo, zina ukurasa wa Kiingereza unaokubali kadi za nje bila kudai namba ya simu ya nchini. Unalipa, unatumiwa msimbo wa QR, unauonyesha mlangoni. Nunua ukiwa bado kwenu, laini yako ya simu ikiwa hewani. Wengi hukwama hapa: benki hutuma namba ya siri ya mara moja kwa ujumbe mfupi, msafiri ameshachomoa laini yake kuweka ya data ya Japani, ujumbe haufiki na malipo yanakataliwa. Kadi inalaumiwa bure.

Njia ya pili ni duka dogo la saa 24, lile ambalo huko wanaliita kombini. Lawson wana mashine nyekundu iitwayo Loppi. 7-Eleven hutumia mashine yao ya kunakili. Unachagua mechi, aina ya kiti na idadi, unaandika jina kwa herufi za katakana pamoja na namba ya simu, na mashine inatoa karatasi. Ya Loppi lazima uifikishe kwa keshia ndani ya dakika 30, la sivyo viti vinarudishwa sokoni. Maandishi mengi ni ya Kijapani, kwa hiyo andaa programu ya kutafsiri kwa kamera kabla ya kusogea kwenye mashine, watu wasikupangie foleni mgongoni. Tena si kila duka linauza tiketi za kila timu. Ukurasa wa timu ndio unaosema wapi.

Mauzo huenda kwa awamu: wanachama wa klabu ya mashabiki kwanza, umma baadaye. Wikendi na sikukuu huisha mapema. Jumanne hadi Alhamisi ndizo zako. Jumatatu kwa kawaida hakuna mechi, usije ukapanga siku yako ya mwisho Jumatatu. Na Juni una bahati, kwa sababu kuanzia mwisho wa Mei au mwanzo wa Juni timu za ligi mbili hukutana, kila timu mechi 18, kwa hiyo utaona wageni ambao kwa kawaida hawaonekani Tokyo.

SWALI: Rafiki zangu wawili walikwenda uwanja mmoja, usiku mmoja. Wa kwanza anasema alisimama akiimba mpaka sauti ikakauka. Wa pili anasema alikaa, akala, akatazama mpira kwa utulivu. Nani wa kuaminiwa?

JIBU: Wote wawili. Walinunua viti tofauti, na Japani kiti ndicho kinachoamua usiku wako utakuwaje, kuliko hata timu inayocheza.

Jiweke nyuma ya mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji, ukitazama uwanja. Kati ya vituo anavyokimbilia mpigaji, kulia kwako ni cha kwanza, kushoto cha tatu. Kwa kawaida wenyeji wako upande wa kulia na wageni wa kushoto, kuanzia benchi la wachezaji mpaka majukwaa ya mbali kule nje. Uwanja wa Seibu Lions huko Saitama umegeuzwa: wenyeji wako upande wa kituo cha tatu. Kwa hiyo usinunue kwa mazoea, soma ramani ya uwanja husika.

Majukwaa ya mbali, ya uwanja wa nje, ni ya washangiliaji. Kuna vikundi rasmi vyenye tarumbeta, ngoma na bendera, na karibu kila mpigaji wa kikosi cha kwanza ana wimbo wake. Timu yenu inapopiga, mnasimama wote. Watu wanagonganisha vipaza viwili vya plastiki kwa mdundo wa ngoma, wanapaza "Kattobase!" (piga mbali!) kisha jina la mpigaji, na mdundo haukatiki mpaka afike kituoni au atolewe. Wapinzani wakiingia kupiga, jukwaa lote linaketi kana kwamba mtu amezima swichi. Hapo ndipo watu wanakula, wanakwenda msalani, wanaongea na jirani. Kelele sasa zinatoka upande wa pili. Ukiwa mgeni, fuata tu: wakisimama simama, wakikaa kaa. Maneno ya wimbo mara nyingi huonyeshwa kwenye ubao mkubwa, na asiyeyajua hupiga makofi.

Kosa linaloleta usumbufu wa kweli ni mavazi. Katika viti vya ushangiliaji vya wenyeji huruhusiwi kuvaa jezi, kofia wala taulo ya wapinzani, na kushangilia pigo lao pia ni mwiko. Mhudumu atakuja kwa adabu zote, atakuomba uvue au uhame, na hatabadilisha msimamo. Inawapata wageni kwa urahisi: mtu ameona kofia nzuri ya Hanshin Tigers, nyeusi na njano, akainunua kama ukumbusho, kisha akaenda nayo kuketi katikati ya mashabiki wa Giants kwa sababu kiti kilikuwa nafuu. Ukiwa na shaka, vaa nguo isiyo na nembo.

Viti vya pembeni, kutoka nyuma ya mabenchi kuelekea kwenye nguzo za mpaka kule mbali, ni vya wastani. Watu wanakaa, wanapiga makofi, mavazi hayasumbui sana ingawa ni busara kuwa upande wa timu yako. Nyuma ya mdakaji ndiko unakouona mpira ukipinda kabla haujafika kwenye gongo. Kwa bei, uwanja wa nje ni kama yeni 2,000 hadi 3,000, pembeni 4,000 hadi 8,000, na viti bora vya nyuma ya mdakaji huvuka 10,000.

Ushauri wetu: kama ni mechi moja tu, nenda uwanja wa nje, upande wa wenyeji. Mrushaji utamwona kwa mbali, na mipira ya kupinda hutaitofautisha na iliyonyooka. Hilo ni kweli. Lakini besiboli nzuri ya kutazama kwa kukaa ipo nchi nyingine pia. Jukwaa lile la washangiliaji kwingine ni nadra kulipata.

SWALI: Naweza kuingia na chakula na kinywaji changu?

JIBU: Chakula, viwanja vingi huruhusu. Makopo na chupa za kioo hakuna anayekubali, kwa sababu vinaweza kurushwa uwanjani. Ukifika na kopo, viwanja vingi huweka meza mlangoni ambapo unalimimina kwenye kikombe cha karatasi na kuingia nacho. Chupa za plastiki zina masharti ya kila uwanja, hasa ya ukubwa. Beba na mfuko wa plastiki wa taka, maana chini ya kiti hapaachwi kitu.

SWALI: Nimeona picha za wasichana waliobeba mapipa ya bia mgongoni. Utaratibu wa kununua ukoje? Sitaki kuonekana mshamba.

JIBU: Inua mkono tu. Usipige mluzi wala kuita kwa sauti. Atakuona, maana kazi yake yote ni kuona mikono. Mavazi yao yana rangi za kampuni ya bia, hivyo ukitaka bia fulani subiri rangi yake ipite. Akifika hupiga goti kwenye ngazi ili asiwazibe wa nyuma, anavuta mrija uliounganishwa na pipa, anamimina, povu linakaa juu, na kikombe kinapitishwa mkono kwa mkono mpaka kwako ukiwa katikati ya safu. Pesa hurudi kwa njia hiyo hiyo. Pipa lina uzito unaozidi kilo 10, kwa hiyo kuwa na malipo mkononi kabla hajafika ni uungwana. Kikombe ni kama yeni 800 hadi 900. Sheria ya Japani inaruhusu pombe kuanzia miaka 20, na ukiwa na sura ya ujana beba pasipoti.

Malipo ndiyo yanayohitaji tahadhari. Tokyo Dome, uwanja wa Giants, tangu 2022 haipokei fedha taslimu, si kwa bia wala kwa chakula. Uwanja wa Rakuten Eagles huko Sendai ulitangulia, mwaka 2019. Kadi ya benki ya kimataifa inatosha, na Tokyo Dome hata kadi ya treni kama Suica. Viwanja vingine kadhaa vimefuata. Panapopokelewa taslimu, noti za yeni 1,000 bado zinafanya kazi, ila usimpe muuza bia noti ya 10,000. Na usisubiri mwisho wa mechi: katika awamu za mwisho za mchezo (awamu moja ni kila timu kupata zamu moja ya kupiga) wauzaji hufunga mapipa na kuondoka.

SWALI: Tumenunua tiketi za Jingu, uwanja wa Swallows wa Tokyo ambao hauna paa, na tumeambiwa Juni ni mvua. Pesa yetu itarudi?

JIBU: Inategemea mvua imewakamata wapi. Mechi ina awamu 9. Ikisimamishwa kabla ya awamu ya 5 kukamilika, kwa kawaida inahesabiwa haikuchezwa, na mnarudishiwa pesa. Awamu ya 5 ikishaisha, matokeo yanasimama na hakuna marejesho, hata kama mmekaa saa mbili mkinyeshewa. Wenyeji wakiwa mbele, inatosha wapinzani wawe wamemaliza nusu yao ya awamu ya 5.

Namna ya kurudishiwa inafuata namna mliyonunua. Mliolipa kwa kadi mtandaoni mara nyingi pesa hurudi yenyewe kwenye kadi. Mlionunua kombini mnapaswa kurudi kwenye duka la kampuni ile ile, na tiketi yenu ya karatasi, ndani ya tarehe zilizotangazwa. Ada ya huduma mara nyingi hairudi. Mgeni anayepanda ndege kesho yake ndiye anayeumia, kwa hiyo msimu wa mvua lipa kwa kadi.

Miavuli haifunguliwi kwenye viti. Nunueni koti jepesi la mvua, lenye kofia, kabla ya kufika, na mfuko mkubwa wa kufunika mikoba. Jingu mtaona miavuli midogo ikifunguliwa hata mbingu zikiwa safi: mashabiki wa Swallows huicheza kila timu inapopata pointi, na tena katika awamu ya 7. Inauzwa kwenye duka la timu, na hiyo ndiyo pekee mnayoruhusiwa kuitikisa.

Asiyetaka kubahatisha achague uwanja wenye paa. Nusu ya viwanja vikuu vina paa: Tokyo Dome, Kyocera Dome ya Osaka, Nagoya, Fukuoka, ES CON Field ya Hokkaido iliyofunguliwa 2023, na ule wa Saitama. Huu wa Saitama una paa lakini kuta ziko wazi. Mvua haikupati, joto la Agosti linakupata vizuri sana.

SWALI: Nakwenda na watoto wawili wadogo. Nasikia mipira hurushwa kwa watazamaji. Ni hatari?

JIBU: Ndiyo, na hatari yenyewe si ya mpira unaopaa juu ukaanguka taratibu. Wa juu unauona. Unaoumiza ni ule unaotoka kwenye gongo ukiwa umenyooka, kuelekea viti vya pembeni vilivyo chini, jirani na uwanja. Mpira una gramu 142 hadi 149 na ni mgumu. Wahudumu hupuliza filimbi mpira unapoelekea jukwaani. Ukisikia filimbi usitazame simu wala usimame, angalia juu kwanza na mkinge mtoto.

Ukiwa na watoto chukua viti vilivyo nyuma ya wavu, au ghorofa ya juu. Viti vya Tokyo Dome vilivyo mbele kabisa, nje ya wavu, huja na kofia ngumu na glavu za kuazima. Hilo lenyewe linakueleza si mahali pa mtoto wa miaka minne. Mpira ukiudaka, siku hizi viwanja vingi vinakuachia. Uliompiga mtu, mhudumu atafika kuuliza. Kuna chumba cha huduma ya kwanza, nenda hata kama unaona ni uvimbe tu.

SWALI: Sijui besiboli hata kidogo. Nitachoka?

JIBU: Jifunze mistari mitatu ya taa kwenye ubao na utafuata mechi nzima. Ni mistari ya herufi B, S na O. B ni kijani, taa tatu: mrushaji amerusha vibaya mara ngapi, ya nne haina taa kwa sababu mpigaji anakwenda kituo cha kwanza bure. S ni njano, taa mbili: mpigaji amekosa, ameacha mpira mzuri upite au ameupiga nje ya mistari, ya tatu inamtoa, isipokuwa kwamba ule uliopigwa nje ya mistari haumtoi akiwa tayari na mbili. O ni nyekundu, taa mbili: waliotolewa, wa tatu akitolewa timu zinabadilishana. Taa zote zikiwaka, kijani tatu, njano mbili, nyekundu mbili, mpira unaofuata una uzito. Weka kikombe chini.

Mechi huchukua saa tatu na zaidi kidogo. Ikiwa sare baada ya awamu 9 huongezwa mpaka ya 12, na katika msimu wa kawaida sare ikibaki pale inabaki sare. Kama kuna mrushaji unayetaka kumwona, kumbuka kwamba wanaoanza mechi hurusha kama mara moja kwa juma, na majina ya wa kesho hutangazwa siku moja kabla.

SWALI: Agosti nitakuwa Osaka. Nataka Koshien, nyumba ya Tigers, lakini sioni mechi zao. Nimekosea wapi?

JIBU: Hujakosea. Agosti uwanja wa Koshien, uliojengwa 1924, hupewa mashindano ya kitaifa ya shule za sekondari za juu: timu 49, moja kwa kila mkoa isipokuwa Tokyo na Hokkaido zenye mbili mbili. Tigers huwapisha, husafiri, na baadhi ya mechi zao za nyumbani huchezwa Kyocera Dome. Kama ni Tigers unaowataka, tafuta tarehe za Kyocera.

Lakini usiidharau ile ya shule. Ni mechi kadhaa kwa siku, kila moja ni ya mtoano, na viti ni vya bei ya chini. Kwa sababu ya joto, tangu 2024 baadhi ya siku za mwanzo hugawanywa asubuhi na jioni, na tiketi ya asubuhi haifai jioni. Treni ya haraka ya Hanshin kutoka Osaka-Umeda inakufikisha kituo cha Koshien kwa robo saa hivi. Chukua viti vya chini ya paa pembeni. Majukwaa ya nje hayana kivuli hata kidogo.

SWALI: Naweza kurusha mechi mubashara kwenye simu ili nyumbani waione?

JIBU: Hapana. Kurusha mubashara kumekatazwa, na video za mchezo ukiendelea haziwekwi mtandaoni. Picha za ukumbusho ni sawa.

SWALI: Mechi ikiisha, nikimbilie treni au nisubiri? Hoteli yangu iko mbali kidogo.

JIBU: Mechi ya saa 12 jioni huisha saa 3 usiku na kitu, na treni zipo mpaka karibu saa 6. Muda unao. Wenyeji wakishinda, baki: mchezaji aliyeng'ara hupandishwa kwenye kijukwaa uwanjani, anahojiwa mbele ya mashabiki, na nusu ya umati unakuwa umeshaondoka wakati unapotoka. Wenyeji wakishindwa, hakuna sherehe, na wote mnatoka pamoja. Hapo ondoka wakati wa mpigaji wa mwisho au kaa dakika 20.

Kinachochelewesha watu si treni, ni mashine ya kuongeza salio. Jaza kadi yako ya treni wakati wa kuja. Kwa Jingu, kituo cha Gaienmae ni kidogo na foleni hufika barabarani. Kutembea dakika 12 hadi 15 mpaka Shinanomachi au Sendagaya mara nyingi ni haraka zaidi. Kwa Tokyo Dome wengi humiminika Suidobashi, basi wewe jaribu Kasuga au Korakuen. Na ukitoka Tokyo Dome shika kofia: paa lake linashikiliwa na hewa, shinikizo la ndani ni kubwa kidogo kuliko la nje, na milango mikubwa ikifunguliwa baada ya mechi upepo unakusukuma mgongoni mpaka kwenye ngazi.